Usihamie mji wa kiwanda kimoja mfuko ukiwa mtupu
Jamani, ajira za viwanda vya kijani Ulaya zinavutia, ila piga hesabu kwanza. Skellefteå, kaskazini mwa Uswidi, ilitegemea sana betri za Northvolt. Machi 2025 kampuni ikatangaza kufilisika. Wafanyakazi wa kigeni wenye vibali vya kazi walikuwa na miezi mitatu tu kupata mwajiri mwingine, la sivyo waondoke.

Mimi naupenda zaidi mfano wa Kalundborg, Denmark. Huko viwanda jirani vilianza kushirikiana mwaka 1972: vinapeana mvuke na maji, taka ya huyu ikawa malighafi ya yule. Waajiri ni wengi.

Kwa hiyo usiulize mshahara peke yake. Uliza, "Hawa wakifunga, nani mwingine ataniajiri hapa?" Kama hakuna, tenga kwanza matumizi ya miezi mitatu, ndipo uongeze unachotuma nyumbani.