Bibi Abaki Nyumbani Kwake

Wananchi wa Bukene, tusidanganyane. Kikongwe haui mtu kwa uchawi. Yeye ndiye anayeuawa kwa uwongo wetu. Katika Unyamwezi na Usukuma wako akina bibi waliokatwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu. Wekundu huo ni wa moshi wa kuni na samadi, miaka na miaka jikoni, wakipika chakula kilichotulea sisi.

Wengine husema bibi ahamishwe, apelekwe makazi ya wazee kama yale ya Kolandoto. Makazi hayo ni ya asiye na mtu. Bibi mwenye shamba, majirani na kaburi la mumewe ataka kubaki kwake. Huko Magu shirika la Maperece liliwajengea wazee nyumba bora na majiko ya moshi mdogo, likawafundisha wanakijiji ukweli juu ya macho mekundu.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema matunzo ya mzee msingi wake ni familia. Basi, ndugu wanachama, kila shina lichague nyumba moja: paa liezekwe, mlango utiwe komeo, jiko lipate dohani. Chama kisichoweza kulinda mlango wa bibi mmoja kitalindaje nchi?