Damu ya Samaki Nayo Ipimwe Nakuru

Ndugu mkulima, kila asubuhi kabla ya kuanza kukamua, wewe huchukua matone ya kwanza ya kila chuchu ukayatia katika kikombe cheusi, ukatazama kama yana mabonge. Hungoji kiwele kivimbe. Ukifika kituoni na maziwa yako, karani huyachanganya na spiriti kidogo aone kama yataganda. Na daktari wa mifugo akitaka kujua kama kundi lina ugonjwa wa kutupa mimba, aweza kuyapima maziwa hayo hayo kwa dawa yenye rangi, akatazama kama pete ya buluu itatokea juu kwenye malai. Hakuna mtu anayeona ajabu. Ng'ombe hasemi, lakini maziwa yake na damu yake husema.

Samaki wetu tumemwacha bubu. Nataka kueleza katika ukurasa huu kwa nini haifai kuendelea hivyo, na ni jambo gani tungeliomba wakubwa watufanyie hapa Nakuru.

Mashamba makubwa yalipoanza kukatwa mwaka 1962 katika ule Mpango wa Ekari Milioni Moja, wengi wetu, au baba zetu, tulipewa vipande vyenye bwawa la shirika. Bwawa lilichimbwa na mlowezi kwa ajili ya ng'ombe wake, nasi tukalirithi watu arobaini au hamsini. Kisha mwaka 2009 Serikali ikaleta mpango wa kuinua uchumi, yakachimbwa mabwawa ya samaki 200 katika kila moja ya majimbo 140 ya uchaguzi, kila bwawa la mita 300 za mraba. Vifaranga vikaletwa na chakula kikaletwa. Leo pita barabarani uyatazame. Mengine yana samaki na wenyewe wanauza, na wanastahili sifa. Mengine mengi ni ya vyura.

Ukimwuliza mwenye bwawa la vyura, atakujibu, "Samaki walikufa," au "Samaki walikataa kuzaa." Mwulize kwa nini. Hapo ndipo maneno huanza. Mmoja atasema ni baridi, mwingine atasema ni chakula kibaya, na wa tatu atapunguza sauti akuambie kuwa jirani wa upande wa juu ametia dawa. Sisi tukaao Molo, Njoro, Bahati na Dundori twajua neno kama hilo laweza kufika wapi. Ndiyo sababu sipendi liachwe bila kupimwa.

Kupima kwenyewe si uganga. Ndani ya damu ya samaki mna chembe ndogo mno, wataalamu huziita molekuli, na kila moja ina kazi yake. Samaki akipata taabu, yaani akikamatwa, akisongamana na wenzake au maji yake yakiharibika, mwili wake humwaga katika damu homoni iitwayo kotisoli. Ikipanda kwa muda mfupi si neno. Ikikaa juu kwa siku nyingi, samaki hakui, hushikwa na maradhi upesi, na majike hawaivishi mayai vizuri. Basi mtaalamu akikuta kotisoli nyingi katika damu ya samaki kumi waliokamatwa kwa utulivu, ajua bwawa zima lina shida hata kama hakuna aliyekufa bado. Nawe ukijua leo, waweza kupunguza samaki au kubadili maji kabla ya hasara.

Jambo linalonipendeza zaidi ni kwamba kotisoli ya samaki ni ile ile iliyo katika damu yako wewe. Molekuli ni moja. Kwa hiyo kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya binadamu, mtaalamu akikihakikisha kwanza, chaweza kutumika kwa samaki. Hatuanzi katika giza tupu.

Molekuli ya pili ni ya uzazi. Samaki jike akianza kuivisha mayai, homoni ya kike, estrojeni, huliamuru ini lake litengeneze protini iitwayo vitelojenini. Protini hiyo husafiri katika damu mpaka kwenye mayai, nayo ndiyo huwa kiini cha yai, chakula cha mtoto. Tazama sasa faida yake. Wewe una tilapia majike bwawani, na hakuna vifaranga. Damu ikipimwa ikakutwa haina vitelojenini, basi majike hawajaanza hata kutunga mayai, na sababu ni baridi, au lishe, au taabu. Ikikutwa imejaa, basi majike wako wanafanya kazi yao, na hitilafu iko mbele: pengine madume ni wachache, pengine mdiria na mnandi wanakula vifaranga, pengine mna samaki aina ya bass, wale walioletwa Naivasha kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, ambao humeza wadogo. Sindano moja imekuokoa na kubahatisha mwaka mzima.

(Kabla hujaita sindano, hata hivyo, tia kipimajoto majini. Tilapia hazai vizuri maji yakiwa chini ya digrii 20 hivi za sentigredi. Wakulima wa Kinangop na Ol Kalou, hili lawahusu ninyi hasa. Kipimajoto ni bei ndogo kuliko maabara.)

Dume hana haja na vitelojenini, na kwa desturi damu yake haina, au ina kidogo sana. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Uingereza walikuta protini hiyo katika damu ya madume waliokaa mitoni, chini ya mahali ambapo maji machafu ya miji husafishwa na kumwagwa. Maji yale yalikuwa na homoni za kike zitokazo katika mikojo ya watu, pamoja na dawa nyingine za viwandani zinazoiga homoni hizo. Ziwa Nakuru hupokea maji ya mji wetu, nalo lina samaki wadogo walioletwa kutoka Magadi katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 ili wale viluwiluwi vya mbu. Madume wa samaki hao wangekuwa walinzi wazuri wa ziwa, kama kungekuwa na mtu wa kuwauliza mara kwa mara.

Sasa nije kwenye sumu, maana hapo ndipo penye ugomvi. Sisi ni watu wa pareto. Dawa ya ua lile huua wadudu bila kumdhuru sana mtu wala ng'ombe, lakini samaki huuawa na kiasi kidogo mno. Dawa nyingi za kupe na za mboga za siku hizi zimetengenezwa kwa kuiga dawa hiyo ya pareto, nazo ni kali kwa samaki vile vile. Mtu akiosha bomba lake la kunyunyizia kwenye mfereji unaoingia bwawani, amewaua samaki wa watu hamsini wala hakukusudia. Dawa za kundi jingine, zile za fosfeti na jamaa zake, hushika kimeng'enya cha mishipa ya fahamu kiitwacho kolinesterezi na kukizuia kisifanye kazi. Samaki aliyepatwa na dawa hizo, ukipima ubongo wake au damu yake, utakuta nguvu ya kimeng'enya hicho imeshuka. Samaki aliyekufa kwa kukosa hewa haonyeshi alama hiyo.

Mwezi Februari 2010 samaki walikufa kwa wingi katika Ziwa Naivasha. Wako walioyanyoshea kidole mashamba ya maua, na wako waliosema ni upungufu wa hewa majini baada ya mvua kubwa kufuata ukame. Mabishano ya namna hiyo hayamalizwi kwa kelele. Humalizwa na damu ya samaki waliokuwa bado wanahema, iliyochukuliwa siku ile ile. Lakini nisikudanganye: kipimo cha kolinesterezi hakishiki dawa za jamii ya pareto. Kwa hizo lazima maji yenyewe na mwili wa samaki vipimwe. Mtu asije akasafishwa na kipimo kisichomhusu.

Wako watakaosema, samaki ni wa shilingi ngapi hata apelekwe maabara? Kama nia ni kumpima kila samaki, ni kweli, ni upumbavu. Hupimwi bwawa kwa samaki wote. Huchukuliwa wachache waseme kwa niaba ya maelfu, na gharama ikigawanywa kwa wanachama wa bwawa la shirika hubaki kidogo, pengine chini ya bei ya gunia la chakula cha samaki ambacho leo mnakitupa kwa samaki wagonjwa.

Ombi langu ni hili. Hapa Nakuru tuna maabara ya uchunguzi wa mifugo ya Serikali, ambako mkulima hupeleka kuku aliyekufa au damu ya ng'ombe. Egerton pale Njoro wanafundisha elimu ya viumbe vya majini. Naivasha kuna kituo cha utafiti wa samaki. Watu wapo na elimu ipo. Kinachokosekana ni meza moja katika maabara ile ya mifugo yenye jina la samaki juu yake, na bei iliyoandikwa wazi mlangoni. Mambo ya ugani wa samaki yako mikononi mwa kaunti tangu 2013, kwa hiyo ombi hili lipelekwe kwa diwani wako na kwa Bwana Samaki. Naona ni afadhali kaunti ichimbe mabwawa machache mwaka huu na iweke meza hiyo, kuliko kuwachimbia vyura nyumba nyingine.

Na ninyi wenye bwawa jifunzeni dalili zenu. Samaki wakija juu kutwetea alfajiri, na wale wakubwa wakafa kwanza, shuku hewa. Wakizunguka kama wamelewa, wadogo kwa wakubwa, saa yo yote ya mchana, shuku dawa. Hapo piga simu usingoje kesho, maana samaki aliyeoza damu yake haina habari tena.

Siku mtaalamu atakapokuja, andikeni saa wavu ulipoingia majini na saa damu ilipotoka. Kotisoli huanza kupanda dakika chache tu baada ya samaki kushikwa, na mkichelewa mtakuwa mmepima woga wa wavu wala si hali ya bwawa. Atamlaza samaki kwa mafuta kidogo ya karafuu yaliyokorogwa katika debe la maji, atachoma sindano nyembamba karibu na mkia, chini ya uti wa mgongo, atoe damu kidogo, kisha samaki arudi majini akiwa hai. Vifaranga wasichomwe, hawana damu ya kutosha. Barafu iwe tayari kwenye kivuli kabla wavu haujagusa maji.