Vitabu vya kale Uvira: daftari kwanza, mfadhili baadaye

Uvira, Kivu Kusini. – Kila ikizungumzwa habari ya vitabu vya dini vilivyoandikwa kwa mkono, jibu ni lile lile: tungoje mfadhili. Jibu hilo ni baya. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe haukungoja mtu. Uliingia majumbani na kubeba vilivyokuwamo.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Familia au msikiti wenye msahafu ulioachwa na wazee hauhitaji mashine ili kuanza. Daftari la shule na kalamu vinatosha. Yaandikwe haya: ukubwa wa kitabu, idadi ya karatasi, maneno ya kwanza na ya mwisho. Jina la aliyenakili na mwaka wa Hijra mara nyingi viko mwishoni. Maneno ya pembeni yasiachwe: wakfu, uzazi, deni. Hiyo ni historia ya watu wa mwambao huu.

Jalada nalo liandikwe. Vitabu vingi vya Kiislamu vina ulimi wa ngozi unaotoka jalada la nyuma na kufunika ncha za karatasi. Fundi asiyejua huukata, akashona upya, akabandika skochi. Kitabu kinapendeza machoni, lakini ushahidi wa kazi ya kale umetupwa jalalani. Skochi yenyewe ikizeeka hugeuka njano na kuharibu karatasi. Heri kitabu kilichochanika kikafungwa kwa kitambaa safi cha pamba na kuwekwa sandukuni, juu, mbali na ukuta wenye unyevu. Kikilowa, kisianikwe juani wala kisifunguliwe kwa nguvu. Kikaushwe kivulini penye upepo, mapema, kwani ukungu huweza kuanza ndani ya siku mbili.

Wapo wanaoogopa kwamba kikiorodheshwa kitachukuliwa. Hofu hiyo ina sababu: barua za Kiarabu na za Kiswahili kutoka mashariki ya Kongo, za miaka ya 1880 na 1890, ziko Ubelgiji hadi leo. Lakini kuorodhesha si kukabidhi. Huko Lamu, Kenya, vitabu vya Msikiti wa Riyadha vilipigwa picha, na vyenyewe vikabaki msikitini. Kinachoondoka kirahisi ni kile kisichoandikwa popote, kwa sababu kikipotea hakuna anayeweza kusema kilikuwa chake wala kilikuwaje.

Basi maimamu, walimu wa madrasa na kamati za misikiti, kutoka Kavimvira hadi Kalundu, wasiseme hawana uwezo. Orodha iandikwe kabla ya mvua za Septemba, kwa nakala mbili: moja ikae msikitini, nyingine ikae kwenye nyumba ya mlimani, mbali na mto na ziwa. Mfadhili akija, atakuta kazi imeanza. Asipokuja, majina ya walioandika vitabu hivyo yatakuwa yamesalimika.