Lori Likifukuzwa Mandela, Hulala Segerea

Maegesho ya malori usiku ni suala la ardhi kabla hayajawa suala la polisi. Dar es Salaam imelianzia upande wa polisi. Viongozi wa mkoa, mmoja baada ya mwingine, wametoa na kurudia amri ya kuyaondoa malori yanayolala kandokando ya barabara kuu, hasa Barabara ya Mandela. Amri hizo husema lori lisilale wapi, kisha hunyamaza. Haziponyi msongamano, zinauhamisha kutoka barabara pana yenye taa hadi mitaa ya Tabata, Segerea na Kinyerezi, ambako mtaro umezibwa, njia ni nyembamba na watoto hupita alfajiri kwenda shule.

Kuhama huko kunatokana na ramani yenyewe. Barabara ya Mandela hupokea mizigo kutoka bandarini Kurasini, kisha hupita Uhasibu, TAZARA, Buguruni na Tabata hadi Ubungo, inapokutana na Barabara ya Morogoro. Hiyo ndiyo njia ya shehena ya Zambia, Malawi, Kongo, Rwanda, Burundi na Uganda, mbali na mzigo wa mikoani. Segerea iko pembeni tu mwa njia hiyo. Ukitoka Barabara ya Nyerere pale Majumba Sita unaweza kupita Segerea, Kinyerezi na Kifuru hadi Mbezi bila kugusa Ubungo. Barabara za aina hiyo zilikusudiwa kupunguza foleni. Dereva aliyefukuzwa Mandela usiku hazihesabu kama njia za mchepuko. Anaziona kama mahali pa kujibanza.

Lori nalo halisimami kwa sababu dereva amependa kusimama. Huwa linasubiri karatasi za forodha, malipo ya wakala, zamu ya kupakia kwenye bandari kavu, au asubuhi ghala lifunguliwe. Likishashusha, linahitaji gereji na spea, na biashara hizo zimejaa Tabata, Vingunguti na Buguruni. Katika muda huo wote dereva na utingo wake hulala ndani ya kabini, maana wakiliacha peke yake watakuta betri imechomolewa, dizeli imenyonywa au turubai limechanwa.

Pengo hilo la mahali pa kuegesha wamelijaza wafanyabiashara. Mwenye baa yenye uwanja mpana, mwenye kituo cha mafuta, au mwenye kiwanja ambacho bado hajakijenga, hupokea malori jioni kwa malipo ya usiku mmoja na kuweka mlinzi getini. Utaratibu huu haukuzaliwa Dar es Salaam. Nchini Marekani baadhi ya kasino na maduka ya Walmart huyaruhusu magari ya safari yenye vitanda na jiko ndani yalale uwanjani mwao, mara nyingi bure, kwa matumaini kwamba wasafiri watatumia fedha humo. Huko pia halmashauri nyingi zimepiga marufuku, kwa hoja zinazofanana na za hapa: uchafu na kelele. Tofauti ni kwamba msafiri wa Marekani yuko likizo, na akikataliwa anaweza kwenda kulala kambi ya kulipia. Dereva wa semi yuko kazini.

Hoja za wanaotetea marufuku zinajulikana. Lori lililosimama gizani bila taa wala alama huua, hasa gari dogo likiligonga kwa nyuma. Barabara za mitaa hazikujengwa kubeba uzito huo. Sheria ya Barabara ya 2007 inalinda hifadhi ya barabara, na kuigeuza yadi ni kosa. Malalamiko ya wakazi kuhusu haja ndogo ukutani na injini zinazowashwa saa kumi usiku ni ya kweli. Yote haya yanaeleza kwa nini lori lisilale barabarani. Hakuna hata moja linaloeleza kwa nini lisiwe na pa kulala.

Wengine huelekeza macho Kwala. Bandari kavu hiyo, iliyoko mkoani Pwani takriban kilomita 90 kutoka jijini, ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 31 Julai 2025. Imeunganishwa na reli na ina uwezo wa kuhudumia makontena zaidi ya 800 kwa siku. Ni hatua kubwa na itapunguza malori mjini. Lakini saruji, unga, mbao na mazao ya soko la Dar es Salaam havitashushiwa Kwala, na gereji za Vingunguti hazitahamia huko kwa sababu kontena limehamia. Hata dereva anayepakia Kwala ana safari ya zaidi ya kilomita 800 hadi Tunduma, naye atahitaji kulala.

Hapo ndipo penye uzito wa suala zima, na ndipo amri za kuyafukuza malori zinapokosa utetezi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi mapumziko ya angalau saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na saa hizo zinaweza kushuka hadi 8 kwa makubaliano ya maandishi na masharti maalumu tu. Kwa dereva wa masafa marefu, mapumziko hayo yana anwani moja: kabini. Kupumzika kwake na kuegesha lori ni tendo lilelile. Mamlaka inayomgongea dirisha usiku wa manane na kumwamuru aondoke, bila kumwonyesha pa kwenda, inamwamuru avunje mapumziko aliyopewa na sheria ya nchi, kisha aendeshe tani 50 akiwa na usingizi. Ajali ikitokea alfajiri, ripoti itaandika uzembe wa dereva. Aliyemwamsha hatatajwa.

Marekani ilijifunza jambo hili kwa damu. Machi 2009 dereva Jason Rivenburg alifika mapema kwenye eneo la kushushia mzigo huko South Carolina, likiwa bado limefungwa. Aliegesha kwenye kituo cha mafuta kilichotelekezwa ili apumzike. Aliuawa humo kwa risasi na kuporwa dola 7. Mjane wake alipigania mabadiliko, na mwaka 2012 Bunge la nchi hiyo lilipitisha kifungu kinachojulikana kama Sheria ya Jason, kinachotambua uhaba wa maegesho ya malori kuwa suala la usalama na kuitaka serikali kuu ipime uwezo wa kila jimbo kuyahifadhi. Umoja wa Ulaya nao, kwa kanuni ya 2024, umeweka lengo la maegesho salama kwa wastani wa kila kilomita 150 katika mtandao wake mkuu wa barabara ifikapo mwisho wa 2040. Pote pawili lililotakiwa ni nafasi, ikapangiwa mwenye kuiwajibikia.

Dar es Salaam inaendelea kuhesabu minyororo iliyofungwa kwenye magurudumu ya malori yaliyokutwa barabarani. Hili halivumiliki tena, hasa katika jiji lililotangaza biashara ya saa 24 Kariakoo mwaka 2025, na katika nchi iliyoruhusu tena mabasi kusafiri usiku mwaka 2023. Haiwezekani kuutaka mzigo ufike usiku, kisha kumchukulia aliyeuleta kama mvamizi kwa sababu amefumba macho.

Uwezo wa kisheria haujakosekana. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982 inaipa halmashauri mamlaka ya kutunga sheria ndogo, na kalamu inayoandika katazo inaweza kuandika leseni. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 ina utaratibu wa kubadili matumizi ya kiwanja, kwa hiyo uwanja wa baa au wa kituo cha mafuta unaopokea malori kwa kificho unaweza kufanya hivyo kwa uwazi. Halmashauri ya Jiji, ambayo Segerea imo ndani yake, inapaswa kwanza kuorodhesha viwanja vilivyo karibu na Mandela na Nyerere, ambavyo lori litavifikia bila kukata mitaa. Leseni idai choo, taa, ukuta, mlinzi, kifaa cha kuzimia moto na idadi ya mwisho ya malori. Magari ya mafuta na kemikali yasipewe nafasi katikati ya makazi kwa hali yoyote. Moto wa lori la mafuta pale Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, uliua watu zaidi ya 100. Wakazi wa mtaa husika wasikilizwe kwenye mkutano kabla leseni haijatolewa, na sehemu ya ada ibaki hapo kuzibua mitaro na kukarabati barabara. Mnyororo ufungwe baada ya yadi kuwepo, kwa lori ambalo dereva wake ameonyeshwa yadi hiyo akakataa kuingia.