Mahafali ya Kintinku hayahitaji suti

Aliyeandika gazetini kuwa mahafali ya kidato cha nne vijijini yamekosa hadhi, wahitimu wavae suti na magauni marefu na wazazi watulie vitini, angeanza kwa kutuambia nani atalipa. Hapa kijijini kwetu Kintinku sherehe hizi huangukia Septemba na Oktoba, kabla ya mtihani wa taifa wa Novemba. Ni kiangazi, mvua bado, mtama ghalani umepungua. Suti itamaanisha kuuza mbuzi au kukopa. Serikali ilifuta ada hadi kidato cha nne mwaka 2016, sasa tuirudishe kwa jina la vazi?

Sare iliyofuliwa na kupigwa pasi ni vazi rasmi, tena inamsitiri asiye nacho.

Kilichoniudhi zaidi ni kuviita vigelegele fujo. Mama anainuka, khanga begani, anacheza taratibu hadi mbele, anamvisha binti yake taji la karatasi za rangi na kumshikisha noti ya elfu moja. Ndivyo tunavyompongeza mtoto mbele ya watu, na mgeni rasmi husubiri.

Amri za mavazi tumeshaziona: kampeni ya Operesheni Vijana ya mwaka 1968 ilipopiga marufuku sketi fupi na mawigi, waliosumbuliwa zaidi mitaani Dar es Salaam walikuwa wasichana. Suti zikiwa sharti, mkaguzi wa nguo mlangoni ataanza na hao hao. Kamati ya mahafali ikibakiwa na fedha, inunue karatasi za mitihani ya majaribio.