Bima ya Afya Isimwadhibu Anayejitahidi



Mwenye mshahara hana la kuamua juu ya mchango wake wa bima ya afya. Tangu Oktoba 1, 2024, Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii iliposhika nafasi ya NHIF nchini Kenya, asilimia 2.75 ya mshahara wake hukatwa kabla haujamfikia mkononi. Lakini mama mboga, fundi wa jua kali na mwendesha bodaboda hawana hati ya mshahara. Wao huulizwa maswali juu ya nyumba na mali yao, hukadiriwa pato, kisha hutozwa asilimia ile ile. Hata hivyo, mchango wa kaya hauwezi kupungua shilingi 300 kwa mwezi.

Tufanye hesabu. Kaya yenye pato la shilingi 100,000 kwa mwezi hulipa 2,750. Kaya yenye pato la 6,000 hulipa 300, yaani asilimia 5. Aliye chini ndiye abebaye mzigo ulio mzito zaidi kwa kadiri ya nguvu zake.

Ni kweli kwamba sheria ya mwaka 2023 inaitaka Serikali iwalipie wasiojiweza. Jambo hilo ni jema nasi tunaliunga mkono. Lakini baina ya anayelipiwa yote na anayejilipia yote hakuna ngazi ya katikati. Anayejikwamua kidogo tu kutoka katika ufukara hudaiwa angalau shilingi 3,600 za mwaka, tena mapema. Mikopo ya kumwezesha kulipa kidogo kidogo imeanzishwa, ila mkopo nao ni deni.

Je, tushangae basi mtu akisita kununua mbuzi wa pili, au kuezeka nyumba kwa mabati, akihofu kwamba mali hiyo itahesabiwa kuwa utajiri? Na aliyelipa kwa kuchota mtaji wa kibanda chake, kesho atauza nini? Msaada uliokusudiwa kumwinua mnyonge waweza kumfundisha kubaki chini, au kujifanya yuko chini.

Hatuhalalishi uongo. Afichaye mali yake hupunguza fungu linalomtibu jirani. Lakini mizani isiyo ya haki nayo huzaa udanganyifu, na anayeishika mizani hawezi kukwepa lawama.

Kwa hiyo tunaiomba Serikali mambo matatu. Kwanza, msaada upungue hatua kwa hatua kadiri pato linavyoongezeka, usikatwe ghafla. Pili, aliyejiajiri aruhusiwe kulipa kwa majira ya kazi yake, baada ya mavuno au siku za soko, bila kulazimika kukopa. Tatu, kila kaya ielezwe kwa lugha inayoeleweka jinsi ilivyokadiriwa, na malalamiko yasikilizwe karibu na nyumbani.

Nasi viongozi walei tusikae tukilaumu tu. Katika jumuiya ndogo ndogo, tuwasaidie wenzetu kujibu maswali hayo kwa ukweli na kudai marekebisho wanapokadiriwa isivyo haki. Tuanzishe pia akiba ya pamoja: shilingi 10 kwa siku hufikia 3,650 kwa mwaka. Atakayeshindwa hata na hizo, tumjue kwa jina, na tumsindikize hadi ofisini akaandikishwe miongoni mwa wanaostahili kulipiwa.