Ukurasa wa Vijana: Sinusi haichorwi na lati



Binti mmoja wa kanisa letu aliniletea kaye yake ya hesabu, macho yamejaa machozi. «Pasta, nataka kuacha seksio ya sayansi. Hii kurba ya sinusi imenishinda.»

Nilifungua kaye. Pointi zake zote zilikuwa sawa. Kosa ni moja tu: aliziunganisha na lati, kurba ikawa kama mapaa ya nyumba. Nilicheka kidogo, maana zamani mimi pia nilifanya vile vile, nikapata sifuri.

Kijana, fanya hivi. Chora mstari wa kulala, andika digri: 0, 90, 180, 270, 360. Chora mstari wa kusimama: 1 juu, -1 chini. Sasa weka pointi tano. Kwa 0 sinusi ni 0. Kwa 90 ni 1. Kwa 180 inarudi 0. Kwa 270 ni -1. Kwa 360 ni 0 tena. Halafu ongeza: kwa 30 ni 0,5, kwa 60 ni karibu 0,87. Angalia vizuri: toka 0 mpaka 30 imepanda nusu nzima, lakini toka 60 mpaka 90 inapanda 0,13 tu. Njo sababu kilele kinakuwa cha mviringo, hakina ncha. Weka lati kando, chora na mkono pole pole.

Wakikupa 2 sin x, wimbi linapanda mpaka 2 na kushuka mpaka -2. Wakikupa sin 2x, kimo hakibadiliki, lakini wimbi moja linaisha kwa 180.

Faida gani? Umeme wa Inga unasafiri kilomita 1700 hivi mpaka Kolwezi bila wimbi. Pale Kolwezi wanaugeuza kuwa umeme wa kwenda na kurudi, mawimbi 50 kila sekunde. Wimbi lile njo sinusi. Mashini za mgodi zinazunguka kwa hilo.

Danieli alijifunza elimu ya Babeli, na hakumwacha Mungu wake. Hata kugawa duara mara 360 tumerithi kutoka Babeli. Basi usiogope hesabu.

Binti yule alichora tena kwenye meza yetu. Mara ya tatu kilele kilikuwa cha mviringo. Hajaacha masomo.

Nanyi wazazi, mtoto akichora, mwachieni meza na taa.

Mungu awabariki.